Mister Lincoln: waridi jekundu linalonukia kweli

Kwa bustani ndogo inayotaka harufu, Mister Lincoln, waridi la Marekani lililotoka mwaka 1964, bado ni chaguo langu la kwanza. Ua ni jekundu lililokolea, mara nyingi moja tu kwenye kikonyo kirefu, na asubuhi kabla jua halijawa kali hunukia mno. Ila mmea hurefuka hata kufika mita 2 na shinani hubaki mtupu. Upe nafasi nyuma ya mimea mifupi. Shimo liwe sentimita 50 kwenda chini, samadi iliyooza vizuri, jua la saa 6 kwa siku. Mwagilia shinani: majani yakilala na maji, ugonjwa wa madoa meusi huyapukutisha. Ua likinyauka, kata mshazari juu ya jani lenye vijani vitano linalotazama nje.