Swichi za kahawia, miguu 174 na muuzaji mmoja

"Zinaingia zote hizo, dada, wala usiwe na wasiwasi." Maneno hayo yamenila usiku mzima na kucha mbili.

Mimi napiga chapa kwa malipo, tena usiku, mtoto amelala hatua mbili kutoka mezani. Swichi za buluu zilizokuja na kibodi, vile vidude vinavyokaa chini ya kila kitufe, zinalia kama mtu anabangua karanga: mtoto anashtuka, baba yake anaguna. Nyekundu nilizijaribu kwa shoga yangu, zinateleza tu, hujui herufi imeingia au bado. Nikataka za kahawia, zisizo na mlio lakini zina kile kituta kidogo njiani, kidole kikipanda kikashuka unajua tayari. Na ziwe za bei nafuu, maana vitufe 87 si mchezo.

Nikaenda Kariakoo, nikamwonyesha muuzaji picha ya kibodi yangu. Akanijibu hivyo.

Nyumbani nachomoa ya zamani, napachika mpya, haikai. Nikikandamiza, pini imelala kama mguu wa panzi. Kumbe hizi, mbali na pini mbili za chuma na nguzo ya katikati, zina vijiguu viwili vya plastiki pembeni, na kibodi yangu haina matundu yake. Angeniuliza tu, "Yako ni ya pini tatu au tano?" Niliporudi hakuinua hata macho kwenye simu. "Umezipinda mwenyewe hizo, sista." Mbele za wateja! Nikaondoka natetemeka, nikaapa vya rahisi sinunui tena.

Usiku wa pili, kwa hasira tu, nikachukua kikata kucha nikaanza kukata vile vijiguu. Viwili kwa kila swichi, piga hesabu: 174. Cha kwanza kiliruka kikatua kwenye chai yangu. Pini zilizopinda nikazinyoosha kwa kibano, moja ikakatika. Bahati nilinunua swichi 90.

Zikaingia. Na inaniuma kusema, ni tamu! Kituta unakisikia bila kukitafuta, mtoto hajageuka hata ubavu. Kitufe kirefu cha nafasi bado kinakwaruza, kinataka grisi, na hiyo nitainunua kwingine hata kwa bei ya kuruka.

Swichi nazipa nyota nne. Nikilikumbuka lile "sista", tatu.