Chumba cha eksirei cha kliniki moja ya meno Nakuru: picha safi, maelezo haba

Kliniki ninayoizungumzia iko ghorofa ya pili ya jengo moja katikati ya jiji la Nakuru, mwendo mfupi kutoka Kenyatta Avenue, na sitaitaja kwa jina kwa kuwa baadhi ya niliyo nayo ni malalamiko. Sitathmini kazi yake yote ya kung'oa, kuziba na kusafisha meno, bali chumba chake cha eksirei na huduma inayokizunguka. Picha zinazopigwa pale ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa mjini, daktari anajua kuzisoma na, jambo lililo adimu zaidi, anajua wakati ambapo hazihitajiki. Lakini mgonjwa huelezwa machache mno kuhusu mionzi, na baadhi ya hayo machache si kweli.

Nilipelekwa huko na gego la mwisho la chini, upande wa kushoto, ambalo limeota likiwa limelala na kumwegemea jirani yake, na ufizi unaolifunika ulikuwa ukivimba kila mara. Kliniki nyingine niliyoipitia awali ilinitaka nilipie mapema furushi zima la picha, ikiwemo ile ya pande tatu, kabla mtu yeyote hajanitazama kinywani. Hapa mambo yalikwenda kwa utaratibu unaostahili: daktari alinikalisha kitini, akaangalia kwa kioo, akaligonga jino taratibu, akauliza uvimbe ulianza lini, ndipo akaniandikia picha ya taya zima. Nilipomuuliza kuhusu ile ya pande tatu alinijibu, "Mwalimu, tuanze na hii. Ikinionyesha sababu ya kukuongezea mionzi, nitakwambia."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Ndani ya mfupa wa taya la chini mna mfereji unaopitisha neva inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisi zake, na mizizi ya gego la mwisho huweza kuukaribia mfereji huo au hata kuugusa. Jino likitolewa bila kujulikana hali hiyo, neva inaweza kujeruhiwa na mgonjwa akabaki na ganzi mdomoni kwa muda mrefu. Katika picha ya kawaida kuta za mfereji huonekana kama mistari miwili myembamba myeupe. Mstari ukikatika pale mzizi unapopita, au mzizi wenyewe ukionekana mweusi zaidi mahali hapo, basi kuna sababu ya kutosha ya kutafuta picha ya pande tatu. Daktari aliifungua picha yangu kwenye skrini, akaufuata mstari kwa ncha ya kalamu kutoka nyuma ya taya hadi mbele, akasema mstari ni mzima. Picha ya pili haikupigwa, na senti haikutozwa.

Mashine yenyewe ni ya aina ambayo mgonjwa husimama, akaweka kidevu kwenye egemeo na kuuma kijiti cha plastiki chenye mfuo mdogo, kisha mkono wa mashine ukazunguka kichwa ukiwa na bomba la eksirei upande mmoja na kipokezi upande wa pili. Zoezi zima huchukua sekunde 15 hivi, na taya hutokea kwenye skrini limetandazwa mfano wa ganda la chungwa lililomenywa likabanwa mezani. Dada anayeiendesha ni hodari. Alihakikisha nimevua miwani, akamwambia msichana aliyenifuata avue hereni zote, hata ile ndogo ya juu ya sikio, kwa sababu hereni moja huchora vivuli viwili, kimoja mahali pake na kingine chenye ukungu upande wa pili wa taya, juu kidogo. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa kwingine: nibandike ulimi wote juu kwenye kaakaa na nisiuachie hadi mlio uishe. Ulimi ukilala chini, hewa inayobaki juu yake huacha utepe mweusi unaofunika mizizi ya meno ya juu, na picha nyingi hulazimika kurudiwa kwa kosa hilo tu. Yangu ilitoka mara moja. Kwa mtu anayejali kiasi cha mionzi anachopokea, mwendeshaji anayekinga urudiaji ana thamani kubwa kuliko mashine ya bei ghali.

Sasa nifikie lililoniudhi. Bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliuliza swali ambalo wengi wetu huliuliza kimoyomoyo, kwamba je, mashine hii haitamwachia ugonjwa? Akajibiwa kwa upole, "Shosho, usiogope, hii haina mionzi yoyote." Nia ilikuwa njema, lakini jibu si la kweli, na mlango wa chumba chenyewe unalikanusha, maana umebandikwa ile alama ya manjano yenye mapanga matatu meusi. Mgonjwa mwenye macho huona alama na kusikia kauli, kisha haamini tena kauli nyingine yoyote ya mahali hapo.

Ukweli wenyewe unatuliza zaidi. Eksirei ni mionzi, ila haitoki kwenye kiini cha atomu, na kwa maana hiyo si ya nyuklia. Ndani ya bomba, elektroni hutolewa na waya uliopashwa moto, zikavutwa kwa umeme wa volti elfu nyingi na kugonga kipande cha tangisteni. Zinapokwama ghafla, sehemu kubwa ya nguvu zake hugeuka joto na sehemu ndogo hutoka kama eksirei. Umeme ukizimwa, eksirei hukoma papo hapo, na wala haziachi unururifu wowote (hali ya kitu kutoa mionzi chenyewe) kwenye jino, ukuta au nguo. Kobalti-60 inayotumika kutibu saratani ni jambo jingine, kwa sababu mionzi yake hutoka katika kiini na haina swichi.

Kuhusu kiasi, wastani wa mionzi ya asili ambayo binadamu hupokea duniani ni takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayopokewa mwilini, na moja ni sawa na maikrosiveti 1,000), yaani maikrosiveti sita na ushei kwa siku, itokayo kwenye miamba, gesi ya radoni, anga za juu na potasiamu-40 iliyomo katika chakula na miilini mwetu. Mionzi hiyo ya ardhini na ya chakula ndiyo ya nyuklia hasa. Picha ndogo ya jino moja kwa kipokezi cha kidijitali kwa kawaida haifikii maikrosiveti 10, ya taya zima huwa chache tu hadi 20 na kitu, na ya pande tatu huanzia makumi na kufika mamia kulingana na ukubwa wa eneo linalopigwa. Kwa hiyo bibi yule angeweza kuambiwa kwamba atapokea mionzi inayolingana na ile ya siku chache za kuishi kama kawaida. Mkazi wa Nakuru, aliye kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, hupokea pia mionzi ya anga nyingi kuliko mkazi wa Mombasa, na sijamsikia yeyote akihama kwa sababu hiyo.

Kudanganya kwamba hakuna kitu pia ni kuwasahau waliolipia ujuzi huu. Otto Walkhoff, daktari wa meno wa Braunschweig huko Ujerumani, alipopiga picha ya meno yake mwenyewe mnamo Januari 1896, majuma machache baada ya Röntgen, mgunduzi wa eksirei, kutangaza ugunduzi wake, alivumilia mionzi kwa dakika 25. Edmund Kells wa New Orleans, mmoja wa madaktari wa meno wa kwanza kuzitumia eksirei Marekani, alikuwa akiweka mkono wake mbele ya bomba siku baada ya siku; saratani ikamla vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 akajiua. Dada wa Nakuru anapojiondoa na kusimama nyuma ya ukuta wenye kidirisha, hamkimbii mgonjwa. Mgonjwa hupigwa mara moja, naye hupiga kutwa.

Swali jingine niliulizwa na mzee tuliyeketi naye benchini: je, mionzi haibaki kwenye meno? Ya mashine haibaki. Kinachobaki ndani ya jino ni kile tulichokula na kunywa lilipokuwa likijengeka, na hapo utafiti wa nyuklia na wa meno uliwahi kukutana kwa namna ya ajabu. Kuanzia mwishoni mwa 1958, wanasayansi na raia wa St. Louis, Marekani, wakiongozwa na daktari Louise Reiss, walikusanya meno ya utotoni takriban 300,000 ili kupima strontiamu-90, kemikali yenye unururifu iliyotawanywa na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Kemikali hiyo hufanana na kalsiamu, hivyo ilishuka na mvua kwenye majani, ikaingia katika maziwa ya ng'ombe na kuishia katika meno ya watoto. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa 1961, yalionyesha kiwango kikipanda kadiri majaribio yalivyoongezeka, na yaliitia nguvu hoja ya mkataba wa 1963 uliopiga marufuku majaribio ya angani.

Sisi wa Nakuru tunayo kemikali yetu ya menoni, ingawa haina unururifu. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi inayotoka kwenye miamba ya volkeno, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani huzitaja kuwa kikomo. Mtoto akiyanywa kabla meno yake ya ukubwani hayajakamilika, huota yakiwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi. Nusu ya watu waliokuwa kwenye chumba cha kungojea, nami nikiwemo, tulikuwa nayo. Daktari alinieleza vizuri kwamba picha ya eksirei hupigwa kutafuta matundu, usaha na hali ya mfupa, wala haihitajiki kwa madoa peke yake, na akawaambia vivyo hivyo wazazi waliomleta kijana wao wakitaka "apigwe picha ijulikane yametoka wapi." Angeweza kuongeza kwamba dawa iko kwenye maji. Mradi wa maji wa Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ulitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo hufanya kazi kwa sababu madini ya mfupa ni ndugu wa madini ya jino: yote mawili huinasa floraidi, na heri inaswe kwenye ndoo kuliko kinywani mwa mtoto. Ukutani mna bango kubwa la dawa ya kung'arisha meno. La maji salama halipo.

Mambo mengine ni ya kupita tu. Nilivalishwa aproni ya madini ya risasi, jambo ambalo chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilisema mwaka 2024 si la lazima tena kwa mashine za kisasa zinazolenga vizuri, lakini halikunidhuru na bibi yule lilimtuliza. Cheti cha Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 2019 na ambacho hutoa leseni hata kwa eksirei za meno, kimo kwenye korido, ila nusu yake imefichwa na kalenda. Niliisogeza kalenda nikasoma tarehe, na leseni ni hai.

Kasoro kubwa ya mwisho ni jinsi wanavyompa mgonjwa picha yake. Nilipoiomba ili nimpelekee daktari wa upasuaji wa kinywa Kisumu, mtu wa mapokezi aliipiga skrini picha kwa simu na kunitumia kwa WhatsApp, mwanga wa taa ya dari ukiwa umeangukia gego lile lile lililonileta. Huo mstari mweupe ambao uamuzi wote uliutegemea haukuonekana. Nikaambiwa mfumo hauruhusu kutoa faili halisi. Daktari alipotoka, kazi ikachukua dakika mbili: faili halisi, ya DICOM (muundo wa kuhifadhia picha za kitabibu), ilihamishiwa kwenye flashi yangu, pamoja na programu ndogo ya kuifungulia. Mtu ambaye hajui kwamba faili hiyo ipo angeondoka na kivuli cha taa, akafika Kisumu na kupigwa picha nyingine, akilipa upya na kupokea mionzi upya.

Nililipa shilingi 2,500 kwa picha ya taya zima, kwa M-Pesa, na risiti nikapewa bila kuiomba. Jengo halina lifti, kwa hiyo wenye magoti mabovu wajipange. Jumamosi foleni hufika hadi kwenye ngazi. Asubuhi za katikati ya wiki nafasi hupatikana, na ndizo siku ambazo daktari mwenyewe ana muda wa kukaa nawe mbele ya skrini. Nendeni na flashi, na ombeni faili kabla ya kulipa.