Stanford Encyclopedia of Philosophy: bure kabisa na haimalizi bando

Aisee kama umewahi kuulizwa "falsafa unasomea ya nini" ukakosa jibu, ingia kwenye hii ensaiklopidia. Ipo mtandaoni tangu 1995, hulipi hata mia, na kurasa zake karibu zote ni maandishi matupu kwa hiyo hata simu yangu ya zamani inafungua fasta. Mi nilianzia kwa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, yule aliyekuwa anawahoji wazee wa vijijini akitaka kujua nani anarudia tu mila za watu na nani anazipima kwa akili yake mwenyewe, yaani mzee anaulizwa Mungu ni nini, mwanamke na mwanaume wako sawa au vipi, halafu anabanwa atoe sababu. Hapo ndo nikaelewa, falsafa ni huko kubanwa utoe sababu! Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifanya hivyohivyo Athens mpaka wakamuua, 399 KK. Iko kwa Kiingereza na makala zingine ndefu mno, soma utangulizi kwanza, ukikukolea endelea. Juzi nimemuuliza babu yangu maswali yaleyale, tumekesha.