Miezi minane na monita ya wodi yetu: milio yake nimeielewa, sasa naiamini

Tuliinunua mwezi wa Machi kwa Sh85,000 katika duka la vifaa vya hospitali mjini Kisumu. Ni monita ya kawaida ya kando ya kitanda: mapigo ya moyo na pumzi kwa vibandiko vitatu vya kifuani, oksijeni kwa kibanio cha kidoleni, presha na joto la mwili. Kituo chetu kiko upande wa Ahero, kina vitanda 12 na monita ni hii moja, kwa hiyo anayewekwa ni yule tunayemhofia zaidi. Muuzaji alitusifia upana wa skrini. Habari ya milio hakuigusa, na kwa sisi wa zamu za usiku hiyo ndiyo mashine yenyewe.

Usiku wa kwanza tuliiweka kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu mwenye malaria. Ililia kuanzia saa tatu hadi alfajiri. Mapigo 138, taa ya njano, milio mitatu, kimya, mitatu tena. Ukiinyamazisha inatulia dakika mbili, inarudi. Mama hakulala. Kila ikilia ananishika mkono: "Sista, imesema nini?" Namwangalia mtoto, anapumua vizuri, ananyonya, na sina la kumjibu. Asubuhi nilipofungua mipangilio nikakuta mashine inamhesabu kama mtu mzima, kikomo cha juu cha mapigo 120. Kwa mtoto wa umri ule, tena ana homa, 138 haishangazi hata kidogo. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba kwa mpangilio huo hata mkanda wa presha hujaa upepo kwa nguvu ya mkono wa mtu mzima. Fundi wa duka alikuwa ameiwasha, tukaona inawaka, akaondoka. Hilo ni kosa la duka, mashine siilaumu.

Tangu tubadilishe mpangilio huo, nimeanza kusikia jinsi mashine inavyotofautisha kilio cha mgonjwa na kilio chake yenyewe. Nyekundu inayowaka na kuzima haraka, na milio kumi mfululizo: acha kila kitu umkimbilie mgonjwa. Njano na milio mitatu: njoo uangalie. Mlio mmoja wa chini na maandishi juu ya skrini: kibandiko kimebanduka, au kibanio kimetoka. Mpango huu haukubuniwa na kiwanda hiki. Ni kanuni ya kimataifa ya alamu za vifaa vya hospitali, IEC 60601-1-8, kwa hiyo mwenzetu akihamishiwa Nakuru akute monita ya kampuni nyingine, nyekundu itamaanisha lile lile.

Ninachokipenda kuliko vyote hata si alamu. Ni ule mlio mdogo wa kila pigo. Oksijeni ikishuka, sauti nayo inashuka, kutoka nyembamba hadi nzito. Nikiwa nimewapa mgongo natundika dripu kitanda cha pili, sikio linaniambia kabla namba haijafika kikomo cha 90.

Kibanio ndicho dhaifu. Mtoto akitikisa mkono, vidole vikiwa baridi, au mama akiwa na rangi ya kucha au hina, kinasoma ovyo. Vibandiko navyo, pakiti ikiachwa wazi jeli hukauka, na kwa joto la huku jasho huvibandua. Siku hizi tunapangusa ngozi kwanza, na kelele za usiku zimepungua sana.

Mwezi wa Mei, mvua ikiwa imekolea na malaria imejaa wodi, aliletwa mtoto wa miaka mitatu. Oksijeni 98, upande huo kimya. Mapigo 170, njano ikilia, na mwenzangu wa zamu akasema ni homa tu. Nilipofungua kiganja cha mtoto kilikuwa cheupe kabisa. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuja 4, chini mno. Kibanio hupima damu iliyopo imebeba oksijeni kwa asilimia ngapi. Kuwa damu yenyewe imekaribia kwisha, hakijui. Tulimkimbiza Kisumu kuongezewa damu, akarudi kutuona baada ya wiki mbili akitembea. Njano ile ilikuwa inasema kweli, na ile 98 karibu itulaze.

Betri inashika saa moja na nusu stima ikipotea, na kwetu stima hupotea. Kwa bei hii naipa nyota nne kati ya tano, na ningeinunua tena. Ukienda kuchukua yako, mwambie fundi akuonyeshe mahali pa kuchagua mtu mzima, mtoto au mtoto mchanga, na akulizie alamu zote mbele ya watu wa zamu ya usiku, si mbele ya mhasibu. Sisi tumebandika karatasi ukutani kwa Kiswahili na Dholuo, aina tatu za alamu na maana zake. Juzi mama mmoja alikuja mezani kwangu mbio, hakuuliza imesema nini. Alisema, "Sista, ni ule mlio mmoja, ametoa kidole mwenyewe."