Ua la kutambaa kwa nyumba ya Mombasa: onja kwanza maji ya kisima chako

Ukienda kununua ua la kutambaa, usitazame ua kwanza. Mche ulioko kitaluni umelelewa kwa udongo mweusi, kivuli cha wavu na maji matamu. Wewe unaupeleka kwenye mwamba wa matumbawe, na maji uliyo nayo pengine ni ya kisima chenye chumvi. Basi onja maji yako kabla hujatoka nyumbani. Baridi si hoja kwetu, kipupwe cha Julai hakijaua mmea wa mtu. Kinachoua ni chumvi, chokaa na upepo wa kusi, na kwa hayo ndivyo nilivyopanga.

Ya kwanza ni bogenvilia. Najua, imejaa kuta za Nyali na wengi wanataka kitu ambacho jirani hana. Lakini imejaa kwa sababu haifi: huvumilia chumvi, ukame na udongo wa mawe. Asili yake ni Amerika Kusini. Ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka tu, ua lenyewe ni kile kidude cheupe kilicho katikati, ndiyo maana rangi hudumu majuma kadhaa. Ubaya wake ni kwamba haitaki kudekezwa. Yangu niliinywesha kila jioni kama sukumawiki, nikairundikia samadi, ikanipa kichaka cha majani na miba. Kaskazi ilipoingia nikaisahau, ikafumuka zambarau ukuta mzima.

Kitaluni, mche mrefu mwembamba wenye maua mengi uache. Chukua mfupi wenye shina gumu na matawi matatu au manne. Inua mfuko utazame chini: mizizi ikiwa imetoka na kujizungusha, mche umekaa humo mno. Geuza majani pia, ukiona vidudu vyeupe kama pamba, nenda kitalu kingine. Siku ya kupanda pasua mfuko kwa wembe, usivute shina, maana mizizi ya bogenvilia haipendi kushtuliwa. Na iwe mbali na kamba ya nguo.

Ya pili, asumini. Kusema kweli haikwei yenyewe, lazima uifunge kwenye fito au nguzo ya baraza. Lakini nyumba isiyo na asumini kikuba chake kitatoka wapi? Fika kitaluni jioni, vitumba vinapoanza kufunguka, na unuse kabla ya kulipa, kwani kuna jamaa zake zinazofanana nayo zisizo na harufu ya maana. Iko ya ua jepesi na iko ya ua lililojaa kama waridi dogo. Kwa kutunga, mimi huchukua jepesi. Maji ya kisima cha chumvi usiipe. Iwekee yale ya kuoshea mchele.

Ya tatu huenda muuzaji asiijue kwa jina. Kitaalamu ni Combretum indicum. Ua hufunguka jeupe magharibi, kesho yake likawa la waridi, kisha jekundu, kwa hiyo kishada kimoja huwa na rangi zote tatu, na usiku linanukia. Ina nguvu za kutisha. Kwenye kiwanja kikubwa na nguzo za chuma, nunua. Kwenye uwa mdogo itakuhamisha.

Alamanda ya manjano naiweka ya nne. Chokaa ya matumbawe huifanya majani yageuke manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwa hiyo ipande kwenye chungu kikubwa chenye udongo wa kununua. Utomvu wake ni sumu na huwasha ngozi. Mwenye mbuzi au mtoto anayetia kila kitu mdomoni aipite.

Thunbegia ya buluu ni nzuri, ila inataka maji mengi na majani yake mapana kusi huyachana. Kwa mwenye maji ya bomba ya kumwaga tu.

Nunua mwishoni mwa Machi, masika ikukute umeshapanda. Na kama ni bogenvilia na huna haraka, ngoja jirani apogoe yake, uombe vijiti vilivyokomaa vyenye unene wa kalamu na urefu wa shubiri moja. Chomeka vitano kivulini. Viwili vikishika, hujatoa hata shilingi.