Darasa la hisa la Jumamosi hapa Kisumu: linafaa pesa yako

Watu kadhaa wameniuliza kama lile darasa la hisa la Jumamosi kule Milimani ni la maana ama ni wale wa kukuuzia sarafu za mtandaoni, basi wacha niandike hapa mara moja. Ni la maana. Unalipa elfu moja mia tano, chai na mandazi ndani, anayefundisha ni mzee aliyestaafu benki, sote tunamwita Mwalimu, na hakusukumii broka wala shea yoyote.

Kenye nilipenda zaidi ni venye alijibu mama mmoja wa Mumias. Mzee wake alimwachia cheti cha shea za Mumias Sugar, akauliza hizi zitapanda lini uchumi ukikaa sawa. Mwalimu akamwambia polepole, mama, hapo si uchumi, ni kampuni yenyewe. Kampuni iliingia sokoni 2001, 2013 na 2014 ikawa inazama na madeni wakati soko lenyewe la hisa la Nairobi, NSE, linapanda, halafu 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kuwatafutia wadai pesa zao, na shea zikasimamishwa kuuzwa. Mama alinyamaza lakini alishukuru, juu miaka yote hakuna mtu alimwambia hivyo wazi.

Kisha akaandika Safaricom, ile kampuni ya simu, kando ya Mumias ubaoni. 2021 shea moja ilipita shilingi 40, kufika mwisho wa 2023 iko chini ya 15, na kampuni bado inapata faida na inalipa gawio. Hakuficha kwamba biashara yake mpya ya Ethiopia ilikula faida kiasi, lakini kutoka 40 hadi huko chini si Ethiopia peke yake. Hapo ndio akaingia kwa uchumi na kusema kweli sijawahi kuelezwa hii kitu vizuri hivi: benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu sufuri, kufika katikati ya 2023 iko juu ya 5%, sasa mwenye pesa zake London ama New York anajiuliza anakaa Nairobi kufanya nini wakati nyumbani analipwa bila wasiwasi, anauza, anataka dola, dola inapanda, na wale waliobaki wakiona dola inapanda nao wanakimbia.

Alitupa hesabu tufanye wenyewe. Shea ni shilingi 20 na dola ni 110, mwekezaji wa nje ana senti 18 za dola kwa kila shea. Bei ibaki hapohapo 20 lakini dola ifike 160, kama ilivyofika Januari 2024, ana senti 12 na nusu. Karibu theluthi imeenda na bei haijasonga hata kidogo! Ndio maana hawangoji. Na soko letu ni dogo, MSCI, kampuni ya kupanga masoko ya hisa ya dunia kwa ngazi, inatuweka ngazi moja chini ya India na Brazil, na Safaricom peke yake ilishawahi kuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote, kwa hivyo wachache wakitoka tunasikia sote. Misri aliipitia haraka, ati hisa zilikuwa zinapanda kwa pauni huku pauni yenyewe ikitoka kama 31 hadi karibu 50 kwa dola moja Machi 2024. Ningependa akae hapo zaidi.

Upande wetu sisi wa chama cha kuweka akiba pia aliugusa. Mwanzo wa 2024 serikali ilikopa kwa bondi ya miundombinu ikilipa zaidi ya 18% bila ushuru, nani ataweka pesa kwa shea za kulipa gawio la 5 ama 6%? Halafu Februari ya mwaka huohuo Kenya ikapata pesa za kulipa sehemu kubwa ya ile Eurobond, mkopo wa nje wa dola bilioni 2, shilingi ikarudi hadi kama 130, kuanzia Agosti Benki Kuu ikashusha riba kutoka 13%, na kufika 2025 riba ya hati za serikali za miezi 3 imeshuka hadi karibu 8% na hisa zikawa zimefufuka. Ukiona hizo tarehe zimepangwa ubaoni unaelewa mbona watu wa shea wanangoja mkutano wa Benki Kuu kuliko matangazo ya kampuni.

Mabaya sasa. Projekta ni hafifu, ukikaa nyuma huoni namba. Sehemu ya kufungua akaunti ya CDS, ile ya kuhifadhia shea zako, na kuweka oda ilipewa dakika chache za mwisho watu wakiwa washachoka, na wengi wetu ndio tulikuwa tunataka hiyo, hasa vijana wa Kondele walioanza na pesa kidogo. Nilimwambia Mwalimu aifanye siku yake peke yake na akasema ataangalia. Nenda mapema ukae mbele, na ubebe kalkuleta juu hesabu ni nyingi na simu anaombwa mtu aweke kando.