"Kuku wa kienyeji hawafi ovyo": nilivyohudumiwa kwenye duka la dawa za mifugo

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kusubiri zipoe. Dawa nitaieleza, ila naanza na muuzaji.

Niko Morogoro, nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Siwafugi kiholela. Chanjo ya kideri wanapata kila baada ya miezi mitatu, tone la jicho, na maji yao yanabadilishwa kila asubuhi. Masika haya wakaanza kugoma kuingia bandani. Jioni wanazungukazunguka mlangoni, mwishowe wanarukia ukuta wa jirani na kulala huko. Mtetea wangu bora, ambaye hajawahi kutelekeza mayai, akashuka kwenye kiota zikiwa zimebaki siku chache tu atotoe. Vifaranga wote wakafia ndani ya mayai. Ukiingiza mkono kwenye kile kiota, unautoa unawasha mpaka kwenye kiwiko.

Usiku nikaingia na tochi. Jamani, fito walizolalia kuku zilikuwa zinatembea! Utitiri mtupu, umejaa kwenye nyufa, mwingine mwekundu kwa damu ulionyonya. Nikaukusanya kiasi kwenye kiberiti ili dukani wasiseme nimeota.

Kijana niliyemkuta dukani alikuwa na simu mkononi. Shikamoo hakutoa, nikaisamehe. Nikamfungulia kiberiti. Hakukitazama. "Minyoo, chawa, utitiri, dawa ni moja tu mama." Akachota unga mweupe kwenye ndoo, akaumimina kwenye mfuko wa nailoni, akafunga fundo. Hakuna lebo, hakuna jina, hakuna tarehe ya kuisha muda. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii natumiaje?" Akasema kijiko, kwenye maji. Kijiko cha chai au cha chakula? Lita ngapi? Ndipo akainua uso na kunijibu mbele ya wateja wengine: "Weka kijiko tu mama, kuku wa kienyeji hawafi ovyo."

Sentensi hiyo imenikaa kooni mpaka leo. Kuku wa kienyeji ndio ada ya shule, ndio kitoweo cha mgeni, ndio nauli ya kwenda kwenye msiba. Hawafi ovyo! Angekuja mwenye kuku wa mayai elfu moja, angechotewa unga kwenye ndoo?

Nataka kutenda haki, kwa hiyo naisema na hii: ule unga ulifanya kitu. Kesho yake kwenye kinyesi kulikuwa na minyoo mirefu, myeupe, mingine ikijinyonganyonga bado, na kuku wakaanza kula vizuri. Ningeishia hapo ningetoa nyota tatu na kunyamaza. Lakini utitiri haukupungua hata chembe. Niliporudi kumweleza, akasema sikuchanganya vizuri.

Aliyenisaidia ni afisa mifugo wa kata, ambaye alikuja kwa miguu na kuinamia banda mwenyewe. Kwa alichokiona, alihisi ule unga ni paiperazini. Hiyo inalegeza minyoo mikubwa ya duara, inatoka na kinyesi, basi. Tegu haimgusi, na wale wachanga waliojificha kwenye ukuta wa utumbo inawaacha, ndiyo maana dozi inarudiwa. Utitiri ndio kabisa haihusiani nao. Huu wa kwangu mchana haukai kwenye kuku. Unakaa kwenye nyufa za banda, unatoka usiku kunyonya, na unaweza kukaa miezi bila chakula ukimsubiri kuku arudi. Unatibu banda kwanza. Chawa ni habari nyingine: hao wanaishi kwenye mwili wa kuku, mayai yao yameganda kwenye mashina ya manyoya, kwa hiyo unampaka kuku mwenyewe dawa ya unga chini ya mbawa na kuzunguka sehemu ya kutagia, kisha unarudia baada ya wiki moja hivi, maana mayai hayafi kwa dawa ya kwanza. Maelezo yote hayo hayakuchukua muda wa kunywa chai. Kijana wa duka alishindwa nini?

Tukatoa fito zote na kuzichoma, nyasi za viota nazo zikaenda na moto. Banda likasuguliwa kwa maji ya moto, nyufa zikazibwa, kuta zikapakwa chokaa. Dawa ya kupuliza nilinunua duka lingine, chupa imefungwa, maelezo ya Kiswahili ubavuni, na dada wa pale akanisomea kipimo bila kuombwa. Tulipuliza, tukarudia wiki iliyofuata. Sasa kuku wanaingia wenyewe kabla ya magharibi.

Nilikuwa nimepanga kuliachia lile duka la kwanza nyota mbili kwa sababu ya minyoo iliyotoka. Kadiri ninavyoandika nazidi kuziona nyingi. Kwa sababu kuna swali la mayai. Dawa yenye lebo inakwambia ukae siku ngapi bila kula mayai wala nyama. Mfuko wa nailoni haukwambii kitu. Wajukuu wangu walikuwa wanakula yale mayai, na jirani aliyejifungua nilimpelekea trei nzima. Nilipokwenda kuuliza, kijana alicheka, akasema watu wote wanakula.

Nyota moja, na ni kwa kuwa siruhusiwi kutoa sifuri. Mwenye duka, kama unasoma, iondoe ile ndoo kaunta, uza dawa kwenye pakiti zake, na umwambie kijana wako jina la anachokiuza. Mimi nimempa afisa mifugo ule mfuko na fundo lake, auangalie.